Vikaratasi vya Masjala

Siku yangu ya kwanza katika kampuni ile nilifukuzwa chumbani na mwanamke mwenye penseli sikioni. Nilikuwa nimeingia masjala kwa adabu zangu zote, nikasema naomba faili namba fulani. Hakuinua hata uso. "Namba sijui," akasema. "Nenda kaulize ilikuwaje, kisha urudi." Nikabaki nimesimama. Ilikuwaje nini? Faili ni faili! Mimi ni Mkenya, nimejibiwa vibaya na watu wa ofisi tangu nipate kitambulisho, lakini sikuwahi kujibiwa vibaya kwa Kiswahili kizuri namna ile.

Kampuni yenyewe ilikuwa ya uwakala wa forodha, Kampala, upande wa Luzira, karibu na barabara ya Port Bell. Makontena yanatoka Mombasa, yanavuka mpaka, sisi tunahangaika na karatasi mpaka mwenye mali achukue mali yake. Na karatasi, jamani! Kila kontena lina rundo lake, na rundo lote linaishia masjala, chumba kirefu nyuma ya ofisi chenye makabati manane ya chuma. Mimi niliajiriwa kwa kandarasi ya muda kushughulikia kompyuta. Makabati yalikuwa na mwenyewe.

Tulimwita Hajati. Makka hakuwa amefika, ila Kampala mwanamke wa Kiislamu akishakuwa na umri na haiba, humwiti jina lake. Kwao ni watu waliotoka pwani na biashara zao zamani, wakaselelea Uganda, wakazaa na kuzikana hapo hapo. Alikuwa ameishika masjala tangu kampuni ina malori mawili. Na alikuwa na utaratibu wake, ambao mwanzoni niliuona wazimu mtupu. Kila faili lilikuwa na kikaratasi kimebanwa kwa pini juu ya jalada, na kwenye kikaratasi, kwa penseli, aliandika jambo lilivyokuwa. Mambo ya forodha hayakuwemo. Aliandika nani alikuja, alitaka nini, alilia au alitukana, na mwisho ukawaje.

Nakumbuka kimoja: "Dereva mrefu wa vigae. Anasema muhuri umefutika kwa mvua. Muongo, alimwagia soda." Kingine: "Mama aliyemwagizia mumewe kitanda cha hospitali. Kimefika baada ya mazishi. Faili lisifungwe upesi, anaona haya kuja kuuliza." Ukimwendea Hajati na habari ya mwenye mzigo, hata kama ni ya miaka kumi iliyopita, atafikiri kidogo, ataondoka kitini, na atarudi na faili. Ukimwendea na namba, utafukuzwa. Kampuni nzima iliendeshwa hivyo na hakuna aliyeona ajabu.

Mumewe alikuwa mgonjwa wa figo. Mara mbili kwa wiki alipelekwa hospitali kuungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na Hajati ndiye aliyempeleka. Bima ya kazini kwake ndiyo iliyogharamia. Hili lazima niliseme mapema ili nisije nikajifanya sikulijua: bila kazi hakuna bima, bila bima hakuna mashine, na bila mashine yule mzee angekufa. Hajati mwenyewe alinieleza kwa maneno hayo hayo, akiwa anakata ncha ya penseli.

Akaja meneja mpya, Mkenya mwenzangu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera, maana mtu mbaya ungemchukia ukapumzika. Wiki yake ya pili mteja mkubwa alitaka karatasi zake, na Hajati alikuwa hospitali na mzee, safari hii amelazwa. Tulizitafuta siku mbili nzima. Watu wazima na digrii zetu, tunafungua makabati kama wezi, tunasoma vikaratasi vya watu waliolia, na hatupati kitu. Hajati aliporudi alizitoa kwa muda wa kunywa maji. Mteja alishaondoka zamani.

Meneja akaniita. "Ndugu yangu, hii si ofisi, hii ni kichwa cha mama mmoja. Nitafutie kitu cha kutafutia nyaraka kwa kompyuta. Na kisiwe cha kununua."

Basi nikaingia kwenye programu huria, zile ambazo waliozitunga wameziacha wazi, yeyote anazichukua, anazifungua, anazitumia, hamlipi mtu. Zipo nyingi kuliko unavyodhani, na kila moja inajigamba. Nikazipunguza mpaka zikabaki mbili, nikazipa majina yangu mwenyewe: Nzito na Nyepesi. Nzito ilikuwa na kila kitu. Iliweza hata kutia kufuli, kwamba waraka huu auone fulani na fulani asiuone. Lakini ilikula kumbukumbu ya kompyuta bila huruma, na seva yetu ilikuwa kompyuta kuukuu chini ya ngazi, umeme ukikonyeza jicho tu inazimika. Nyepesi iliketi juu ya kile kikompyuta bila kulalamika, na jibu lilikuja kabla hujaondoa kidole. Kasoro yake ilikuwa moja: haikujua kufuli. Ukiilisha waraka, kila anayetafuta ataupata.

Nilimwambia meneja. Sikuficha. Akacheka, "Sisi hapa ni familia, tunafichana nini?" Nikasema sawa, kufuli tutatia baadaye. Baadaye! Kila fundi wa kompyuta ana kaburi la mambo aliyosema atafanya baadaye, na langu lina mtu ndani.

Programu ya kutafuta huwezi kuichagua kwa macho. Lazima uwe na maswali ambayo majibu yake unayajua, uiulize, uhesabu imepata mangapi. Nilikwenda Wandegeya, kwenye vile vibanda vya uchapishaji vya wanafunzi, nikachapishiwa kadi thelathini: juu swali, katikati faili linalotakiwa, chini kisanduku cha kutia alama. Sasa nani anajua maswali ya kweli na majibu yake? Katika kampuni nzima alikuwepo mmoja tu.

Nilidhani atanifukuza. Alizitazama kadi, akavua miwani, akaivaa tena. "Kwa hiyo mimi ndiye mtahini?"

"Wewe, Hajati."

"Haya, lete mwanafunzi wako tumwone."

Akaandika maswali ishirini na tisa kwa mwandiko wake wa penseli, kama watu wanavyokuja kuuliza mlangoni. "Vile vigae vya dereva muongo." "Jenereta za yule Mkongo zilizolowa." Swali la thelathini akaliacha wazi, akasema atalitunga siku ya mtihani wenyewe, maana mtahini hatoi karatasi yote mapema.

Nikaziuliza zote mbili. Nzito ikapata nane, Nyepesi ikapata saba. Hajati alicheka mpaka akashika ubavu. "Mwanangu, hii mashine yako imesoma mpaka darasa la ngapi?" Mimi sikucheka. Kiburi cha ufundi kilinipanda. Nikakaa siku mbili natafuta kosa, na kosa likawa wazi mno nikaona aibu: nilikuwa nimezilisha nyaraka za forodha tu. Neno "muongo" halimo kwenye tamko la forodha. Limo kwenye kikaratasi.

Nikamwendea. "Hajati, nisomee vikaratasi vyako, mimi nitaandika."

"Vyote?"

"Vyote."

Akayatazama makabati manane. Nilimwona amefurahi, tena sana, ingawa alijikaza. Hakuna mtu aliyewahi kumwomba asome alichoandika. Tukaanza siku hiyo hiyo. Kila alasiri, kazi zikishapungua, anasimama mbele ya kabati, anachomoa, anasoma kwa sauti, mimi naandika kwenye kompyuta. Yalikuwa masaa mazuri, sitasema uongo. Anasoma, anakumbuka, anaongezea. "Huyu baadaye alikuja kumposa karani wetu mmoja, akakataliwa." "Huyu, wallahi, alinitukana mpaka mlinzi akaingia." Nilimjua binadamu katika chumba kile kuliko nilivyomjua kanisani.

Tulikuwa kabati la tatu meneja aliponiita tena. Aliuliza kazi inakwendaje, nikamwambia, tena kwa maringo, kwamba sasa Nyepesi, niliyoichagua kwa ajili ya ile seva yetu, inapata kumi na saba na inapanda. Akafurahi. Akafunga mlango.

"Ikifika ishirini na tano, masjala tunaifunga," akasema. "Barua nitaandaa mwenyewe. Ila usimwambie mama wa watu, atavunjika moyo kabla hamjamaliza kusoma. Na ile kandarasi yako, usiwe na wasiwasi, tutaiangalia vizuri."

Nikamwambia, "Mumewe ni mgonjwa, boss."

"Najua. Ni mambo ya kusikitisha sana," akasema, na nadhani alisikitika kweli.

Nikaufyata. Ndiyo, niliufyata, sina neno la kulipamba. Nilitoka pale nikajiambia nitamwambia kesho. Kesho akaja na sambusa alizokaanga nyumbani, tukala, akasoma kabati la nne. Nilikuwa na njia kumi. Ningeweza kuvuruga uandishi, neno hapa neno pale, mashine ikaanguka mtihani na hakuna ambaye angejua. Ningeweza kuandika ripoti kwamba programu hizi huria hazitufai. Ningeweza kufungua mdomo tu. Badala yake nilizidi kuwa mwangalifu. Nilirudia kusahihisha kila kikaratasi, nikapanga maneno yanayofanana, nikaifundisha ile mashine kwamba anayesema gari na anayesema lori huenda anataka kitu kimoja. Mikono ilipenda kazi yake. Nilirudi chumbani kwangu Mbuya kila jioni nimechukia nafsi yangu, na asubuhi ninafika mapema nione idadi imepanda mpaka ngapi. Mjinga mkubwa!

Siku moja, kabati la sita, alishusha kikaratasi katikati ya kusoma. "Mwanangu, hii ikimalizika, mimi nitakuwa na kazi gani?"

"Utaisimamia wewe, Hajati," nikasema. "Nani mwingine anaijua?"

Lilinitoka hivyo, laini, bila kukwama. Akatikisa kichwa polepole. "Basi nitamwambia mzee nyumbani ameoa mtu wa kompyuta." Akaendelea kusoma.

Tukamaliza. Siku iliyofuata, asubuhi, nikawasha Nyepesi, nikaiachia ilishwe diski yote ya ofisi, nyaraka na vikaratasi na kila kilichokuwemo, maana kuchambua kungenichelewesha na nilitaka liishe. Kisha tukaketi masjala, mimi na yeye na kadi zake. Meneja alikuwa mbele na wageni. Hajati alivaa mtandio mpya. Kwake ulikuwa mtihani wa mwanafunzi wake.

Akawa anasoma swali, mimi nachapa, jibu linatokea, anaangalia, anatia alama au hatii. Alikuwa mkali kwelikweli. Swali moja alisema mashine imekosea, nikashukuru Mungu kimoyomoyo, nikahama harakaharaka kwenda lingine. Akanizuia. Akainuka mwenyewe, akafungua kabati, akasoma kikaratasi, akasimama nacho kwa muda. "Mimi ndiye niliyesahau," akasema. "Imepata." Akatia alama. Nilitamani kumshika mkono. Hajati, kwa jina la Mungu, acha uaminifu kwa leo tu! Hilo nalo nililisema moyoni.

Maswali ishirini na tisa yakaisha. Alama ishirini na nne. Nilizihesabu mara mbili. Likabaki moja, lile lake la wazi, na nikaanza kuomba atunge gumu, atunge jambo la kabla ya makabati, jambo ambalo hakuliandika popote.

"Sogea," akasema. "Hili nachapa mwenyewe."

Akachapa kwa kidole kimoja, anatafuta herufi. Alichapa jina lake kamili, kisha neno masjala. Alinitazama kwa ule utundu wa mtu mzima. "Nione kama inanijua."

Jibu likaja papo hapo. La kwanza juu kabisa lilikuwa barua ya meneja, kutoka kwenye diski ya ofisi ambako kila mtu anaweka vitu vyake, na ambayo nami nilikuwa nimeilisha mashine bila kufuli. Barua kwa Hajati. Kufungwa kwa masjala. Shukrani kwa utumishi wake. Siku ya mwisho ya kazi, mwisho wa mwezi unaofuata, na kwamba bima yake na ya wanaomtegemea itakoma siku hiyo hiyo.

Nilinyoosha mkono nizime. Akaupiga kidogo, kama unavyompiga mtoto anayegusa chungu. Akasoma yote. Aliisoma taratibu, midomo inacheza, na alipofika mwisho akarudi juu akaisoma tena. Nilisikia wageni wa meneja wakicheka huko mbele.

"Ulijua?"

"Nilijua, Hajati."

"Tangu lini?"

"Tangu kabati la tatu."

Akageuka akayatazama makabati. Niliona anahesabu, macho yake yakihama kutoka moja kwenda jingine mpaka mwisho wa chumba.

"Matano," akasema. "Makabati matano nimekusomea, na wewe unajua."

Ningesema nini? Kwamba niliogopa kurudi Kenya mikono mitupu? Kwamba kazi ilikuwa tamu? Alichukua kadi ya thelathini. Juu akaandika jina lake, polepole, mwandiko ule ule mzuri. Chini, kwenye kisanduku, akatia alama.

"Imepata," akasema. "Peleka."

Hakujua chochote kuhusu ishirini na tano. Hilo hakuambiwa na mtu. Nikazichukua zile kadi, nikatoka nazo, nikapita ukumbini, na njia nzima ningeweza kuichomoa moja nikaitia mfukoni. Nilizipeleka zote. Meneja akahesabu, akanipa mkono.

Hajati alifanya kazi mpaka siku ya mwisho iliyoandikwa, hakuchelewa hata asubuhi moja, na hakunisemesha zaidi ya salamu. Makabati yakauzwa kwa watu wa vyuma. Mzee akaanza kupelekwa mara moja kwa wiki, kisha wanapopata. Haya niliyasikia kwa mlinzi wa getini, ambaye mkewe alikuwa jirani yao. Yeye ndiye aliyenijia siku moja mchana, akavua kofia. "Mzee ya Hajati amekufa asubuhi. Wanazika saa kumi, ssebo," akaniita bwana kwa Kiganda chake.

Nilichelewa kutoka, nikakuta wameshazika. Nyumba yao iko Wandegeya, nyuma ya soko, na wanaume walikuwa wamekaa nje kwenye mikeka, wakanisogezea nafasi bila kuniuliza mimi ni nani. Nilikaa. Baadaye nikamwambia ndugu wa marehemu kwamba nilifanya kazi na Hajati, naomba nimpe pole. Akanieleza kwa upole kwamba yuko eda, haonani na wanaume wasio wa kwake, ila naweza kusimama mlangoni nikasema. Nikavua viatu. Kulikuwa na pazia zito.

"Pole, Hajati," nikasema.

"Nani?"

"Mimi. Wa kompyuta."

Nilianza kugeuka.

"Ile mashine bado inapata?"

Nilitaka niseme imeharibika. Nilitaka niseme watu wanamlilia, kazi imesimama, meneja anajuta. Hakuna hata moja lililokuwa kweli. Inafanya kazi vizuri sana, watu wanaandika vilevile walivyokuwa wakimwambia, na faili linakuja.

"Inapata, Hajati."

"Vyote?"

"Vyote."

"Alhamdulillahi," akasema nyuma ya pazia. "Basi nilikusomea vizuri." Kisha nikamsikia anavuta pumzi. "Mimi nimekusamehe, mwanangu. Leo sitaki kinyongo ndani ya nyumba hii. Ila hapa usije tena."

Nikasema nimesikia. Nikavaa viatu vyangu, nikaondoka.